Safari ya Asheri Haijafungwa

Mwanangu Sekela,

Nakuandikia mchana huu wakati wewe uko Itumba kumuaga bibi yako mzaa baba, na nataka niwe nimemaliza kabla hiace ya jioni haijakurudisha. Barua nitaiweka juu ya begi lako. Isome leo kabla hujalala. Usiiache uje kuisomea kwenye basi, maana jambo ninalotaka ulifanye liko hapo tu, kitambo kidogo baada ya Mpemba, na basi la Dar halingoji mtu amalize kusoma.

Ya kula, ya kulala, ya wanaume, ya kanisa, nimekuambia tangu unaota meno. Kama hukuyasikia miaka yote hiyo, karatasi hii haitakusaidia. Leo naandika jingine. Unakwenda kufanya kazi na watu walewale waliokuja ofisini kwetu na kompyuta zao, na siku walipokupigia simu uliruka uani mpaka kuku wakakimbia. Nilicheka na wewe, kisha nikaingia jikoni, nikakaa karibu na jiko la mkaa nikitetemeka. Ukaniuliza kama nina malaria. Haikuwa malaria. Ni mtu mmoja anayeitwa Asheri, na lazima umjue kabla hujaondoka kwangu.

Unajua kazi yangu kwa Mzee Nassoro. Tangu kabla hujazaliwa nakaa kwenye dirisha la yadi yake ya malori hapa Tunduma, naandika safari. Simu za mkononi hazikuwepo. Nilikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na kila lori likitoka naandika namba, dereva, mzigo, saa ya kutoka, saa ya kufika, na pembeni kabisa kulikuwa na safu nyembamba ya Sababu. Lori likichelewa au likiharibika, dereva anakuja dirishani ananieleza, nami naandika maneno mawili matatu. Pancha. Mvua. Mizani. Foleni ya mpaka. Mzee Nassoro hakusoma kingine zaidi ya safu hiyo, kwa hiyo madereva wote, wanaume wazima wenye ndevu, walikuwa wakinibembeleza mimi binti wa Msangano niliyeishia darasa la saba. Nisikufiche, nilipenda.

Asheri alitoka Itumba na marehemu baba yako. Walichunga pamoja, na baba yako ndiye aliyemleta yadi kuomba kazi. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo isiyofanana na mwili wake, na akija dirishani kwangu alikuwa anainama kama mtu anayeingia banda la kuku. Hakuwa mnywaji. Hata kwenye harusi alishika soda. Likumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Wewe ulikuwa na miezi mitano, umelala kwenye boksi la sabuni chini ya meza yangu. Alasiri moja Asheri akainama dirishani.

"Shemeji, breki zinashika moto. Nimeipeleka mpaka Mpemba kuijaribu, zinanuka kabisa. Iandike, gari ilale leo."

"Mzee kasema itoke. Mahindi yanasubiriwa Mbeya."

"We iandike tu, shemeji. Ukishaiandika hawezi kukataa."

Sikuiandika. Wiki iliyotangulia Mzee alikuwa amenigombeza mbele ya watu kwamba malori yanalala sana, na kwamba wasichana wanaojua kuandika wako wengi na hawaji kazini na watoto. Basi nikamwambia Asheri aende polepole, fundi wa Mbeya ataitazama. Hakubisha. Alichungulia boksi lako akasema, "Huyu anakua," akaenda kuwasha gari. Nikaandika saa ya kutoka: saa tisa na dakika kumi.

Baada ya Mpemba kuna kona yenye mteremko. Kabla ya kushuka alisimama kwenye nyumba moja kuomba maji ya kumwagia breki. Mwenye nyumba alikuwa mama muuza pombe. Akampa ndoo, Asheri akamwagia magurudumu, akasubiri kidogo, akarudisha ndoo, akashukuru. Kule chini lori lilikataa kushika. Waliokimbilia walisema alibanwa ndani ya kichwa cha lori akiwa hai, na alikuwa anaomba maji. Walipofika na ndoo ileile alikuwa ameshakufa.

Jioni ileile Mzee Nassoro alikuja dirishani. Akaniuliza taratibu, "Mama Sekela, alikuambia lolote kuhusu gari?"

Nikaangalia boksi. Nikasema, "Hapana, Mzee. Nasikia alisimama kwa mama muuza pombe."

Kisha nikachukua kalamu, na kwenye safu ya Sababu nikaandika: Alisimama kona. Pombe.

Mjane wake alirudi Itumba na mtoto mgongoni, na hakupewa kitu, kwa sababu mlevi aliyejiua hadai. Baba yako alisindikiza maiti. Aliporudi alikaa kitandani bila kuvua viatu akaniuliza, "Asheri pombe aliianza lini?" Nikamjibu labda siku hiyo. Alivua viatu, na mpaka anakufa hakuniuliza tena. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka zaidi ya ishirini, na kila siku nilikuwa nakula ugali wa uongo huo.

Madereva hawakuamini. Hawakusema, lakini tangu mwaka ule, kila dereva wa yadi yetu anayepita kona ile anasimama, anashuka na chupa au kidumu, anamwaga maji chini pale ilipokuwa nyumba ya yule mama, anapanda, anaondoka. Wanaita kumpa maji. Hawamwambii bosi wala kijana wa kupaka magari mafuta. Wakichelewa wananiambia foleni, nami nilijua, nikaandika foleni. Ulikuwa mkataba wetu bila kusemwa, na moyoni nilijidanganya kwamba nami ninampa maji.

Halafu wakaja wale vijana wawili. Unawakumbuka, ulikuwa likizo ya chuo na wewe ndiye uliyewachemshia chai: kijana mnene na yule binti wa miwani aliyekusifia hesabu zako. Mzee alikuwa amesikia kwamba matajiri wenzake malori yao yanaonekana kwenye kioo cha kompyuta, naye akataka. Waliweka kifaa kidogo chini ya dashibodi ya kila lori. Wakasema pia wanahitaji yaliyopita, kwa sababu programu yao inasoma ya zamani ili ijue ya kesho. Mzee akanionyesha kwa kidevu. Madaftari yangu kumi na nane.

Siku kumi na moja nilisoma kwa sauti, yule binti akichapa. Kila pancha, kila mvua. Nilipofika ukurasa ule, Sekela, ningeweza kuuruka. Ningeweza kusema mchwa wamekula. Binti alikuwa amesimamisha vidole hewani ananingoja. Nikamuuliza, "Hivi hiyo mashine itamchukia mtu kwa sababu ya maneno haya?"

Akacheka. "Mama, mashine haina chuki na mtu. Inasoma tu yaliyopo."

Nikasoma yaliyopo. Uongo wa kwanza niliutoa kwa hofu, nikiwa na mtoto mchanga. Huu wa pili nilikuwa mtu mzima, nimekaa kwenye kiti kizuri, nakunywa chai uliyoipika wewe. Ndio unaoniuma zaidi.

Mwanzoni mashine ilitufurahisha. Ilikosea kama mgeni. Iliamini nusu ya madereva wetu wanalala Zambia, maana hapa Tunduma simu zinavuka mpaka zenyewe. Mimi nikiwa nasonga ugali naletewa ujumbe wa kunikaribisha nchi ya watu. Tukacheka. Binti akasema subirini, itajifunza. Miezi miwili baadaye ilikuwa inajua nani kavuka kweli na nani yuko kwake amelala, na hakuna aliyeiambia. Ikaanza kumshauri Mzee hata biashara ya mahindi. Ilisema nendeni Msangano wiki hii, siyo ijayo. Nikampigia bibi yako wa huko kumsalimu, akasema ajabu, mnunuzi wenu amefika asubuhi ileile alipokuwa anahangaika na karo za wajukuu, akamuuzia kwa bei yoyote. "Amejuaje?" akaniuliza. Kila nyumba ilidhani shida yake ni siri yake. Lakini ukizijumlisha nyumba zote na miaka yote, shida ina siku yake, na mashine ilikuwa imeiona siku hiyo kwenye madaftari niliyoyaandika mimi.

Kisha ikaja orodha ya Jumatatu. Kila Jumatatu printa inatoa majina ya madereva, na wale ambao mashine inawaona wa hatari wako kwa wino mwekundu. Mzee aliweka sheria: jina likitoka jekundu Jumatatu nne, dereva anarudisha ufunguo. Nilitazama majina yale mekundu. Hawakuwa wezi wa mafuta, hao ninawajua kwa majina na majina ya wake zao wa njiani. Walikuwa watu wazuri kuliko wote. Ilinichukua wiki tatu kuelewa wanafanana wapi. Wote walikuwa wanasimama kona.

Katika madaftari yote kumi na nane, lori lililopotea kabisa pamoja na mtu wake ni moja, na sababu yake ilikuwa maneno yangu matatu. Mashine iliyashika hayo. Kwenye ramani kona ile ikapata duara jekundu, na kadiri madereva walivyomwaga maji ndivyo duara lilivyonenepa. Ikafika mahali simu ya ofisi inalia, ni ujumbe wa mashine: gari namba fulani litasimama baada ya dakika sita. Nilikuwa nikishika simu ile, natazama kidoti kinatambaa kutoka Mpemba, nahesabu, na kweli kinasimama. Dakika nne, kinaondoka. Jambo ambalo wanaume arobaini walilificha miaka ishirini lilikuwa limekaa kiganjani mwangu, halafu likawa linasemwa kabla halijatokea.

Mzee aliwaita mmoja mmoja. "Ulisimama kona kufanya nini?" Wakajibu kujisaidia. Mzee akasema kona gani hiyo inayowashika wote tumbo. Walifukuzwa wanne. Na kila mmoja alipotoka ilinibidi nijaze sababu, siku hizi kwenye kompyuta. Niliandika herufi ya kwanza tu, A, na mashine ikanimalizia yenyewe: Alisimama kona. Pombe. Kwa maneno yangu, na nukta yangu katikati. Nilikaa nikiitazama sentensi ile kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu aliyemzika. Kisha nikabonyeza. Mara nne nimebonyeza, Sekela.

Kuna jingine sikuwahi kumwambia mtu. Kila asubuhi nikifungua kompyuta, kinachotokea kwanza ni safari zilizo wazi, yaani malori yaliyotoka na hayajafika. Ile iliyokaa njiani muda mrefu zaidi inakuwa juu kabisa. Juu kabisa, kila asubuhi, kuna Asheri. Mzigo: mahindi. Ametoka saa tisa na dakika kumi. Hali: yuko njiani. Mbele yake kuna saa za safari, na kila asubuhi zimeongezeka tangu jana.

Nilimpigia yule binti wa miwani Dar nikamwomba aifute.

"Siwezi kufuta, mama, itaharibu mengine. Haikufungwa tu. Hakuna saa ya kufika."

"Huyo mtu alikufa."

"Pole sana. Daftari halikuwa na safu ya hiyo." Nikasikia anachapa. "Niambie basi wewe. Alifika saa ngapi?"

Nikakata simu. Tangu hapo nikifika ofisini asubuhi nabisha hodi kabla ya kufungua mlango wa chumba changu mwenyewe, na sijui namwogopa nani.

Mwaka jana kijana mmoja aliinama kwenye dirisha langu. Nilidhani nimerukwa na akili. Urefu uleule, sauti ileile ndogo. Akasema anaitwa Ambakisye, wa Itumba, ana leseni, anaomba kazi. Ni yule mtoto aliyekuwa mgongoni. Mzee akamchukua. Bila shaka alikuwa anasimama kona, na yeye zaidi ya wote, kwenda na kurudi. Jina lake limetoka jekundu Jumatatu tatu. Keshokutwa ingekuwa ya nne.

Juzi nilimfuata kwenye lori lake nikamwambia asisimame tena pale, angalau mwezi huu. Nilijiona ninamwokoa. Aliniuliza kwa nini, nikasema mashine. Akafikiri, akasema, "Mama, nikipita pale bila kusimama nitakuwa nimesema ni kweli alikuwa mlevi."

Ndipo nikamwambia. Nimesimama kwenye vumbi la yadi, nimeshika mlango wa lori, nikamwambia breki, boksi la sabuni, safu, yote. Nilitegemea anipige. Hakunipiga. Aliniuliza, "Alitoka saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi."

"Alikuwa amekula?"

Sikujua. Kwenye daftari hakukuwa na safu ya hiyo pia. Akatoa kalamu mfukoni akaandika saa tisa na dakika kumi kwenye kiganja chake, akakifumba, akapanda garini. Mpaka sasa hajaniambia kama amenisamehe, na sitamuuliza.

Jana Mzee Nassoro aliporudi msikitini nilimpelekea lile daftari. Nilimfungulia ukurasa. Alisoma, akavua kofia, akasema, "Gari niliitoa mimi." Baadaye sana akasema, "Lakini uongo ni wako." Tukapiga simu Dar pamoja tueleze kwamba sababu ile si kweli, ibadilishwe. Wakatujibu kwa adabu kwamba sababu moja haibadilishi kitu sasa. Wale wanne waliofukuzwa ndio wamekuwa ushahidi kwamba kona ni mbaya. Mashine haihitaji tena maneno yangu. Imezaa yake.

Mzee amesema Ambakisye hatoki, orodha iseme inachotaka, na wale wanne atawaita mwenyewe. Anayetoka kwenye kiti ni mimi, kuanzia keshokutwa. Ni haki. Nitarudi Msangano kulima na bibi yako, na kabla ya kushika jembe nitakwenda Itumba kwa mama yake Ambakisye. Naogopa kwenda huko kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Lakini asubuhi ya leo nimeamka sijasikia kile kitu kinachokaa kifuani kwangu tangu ukiwa na miezi mitano.

Sikutumi Dar ukanitengenezee. Dhambi yangu haiwi kazi yako ya kwanza. Ila najua siku moja utakaa mbele ya kioo, majina yatatoka mekundu, na mtu aliyesoma kuliko mama yako atakuambia mashine haina chuki. Atakuwa anasema kweli. Wewe kumbuka tu kwamba mahali fulani nyuma kabisa kulikuwa na mwanamke dirishani, ana mtoto kwenye boksi, ameshika kalamu, anaogopa. Na mtoto ulikuwa wewe.

Na sasa lile jambo. Kesho asubuhi basi likipita Mpemba, kaa upande wa kushoto. Litapita kona bila kupunguza mwendo, dereva wa basi hajui kitu. Utaona ardhi imelowa hata kama hakujanyesha. Fungua dirisha. Mwambie amefika, Sekela. Mimi nimeshindwa kulisema miaka yote hii, na kwenye kompyuta asubuhi bado atakuwa njiani.

Nimekuwekea chupa mbili za maji kwenye mfuko wa pembeni. Ya kunywa ni moja.

Mama yako